Ukurasa wa Themanini na Nane

Kitabu kipo. Nilijua kipo.
Baba alikuwa nacho, jalada la kitambaa,
kilinuka nta na moshi,
na alipokufa wajomba wakakiwashia jiko
baridi ile umeme ulipokatika Zestaponi yote,
hata wenye macho wakawa wanapapasa kuta.
Siwalaumu. Mkate uliiva.

Miaka thelathini baadaye nakitafuta kwa masikio.
Kompyuta ya mjukuu wangu Tsira ina sauti ya mwanamume
asiyevuta pumzi wala kumeza mate.
Namfuata neno kwa neno:
kiungo, kiungo, kichwa cha habari, kiungo,
kitufe kisicho na jina.
Nabonyeza hicho kisicho na jina,
natumbukia kwenye tangazo la viatu.

Mara ya kwanza nilikipata, nikakipakua
kwa pupa, kama mtu apakuaye maharage
kabla wageni hawajabisha hodi.
Kurasa mia nne na kumi na mbili!
Nikafungua. Sauti ikasema: Picha.
Nikasogea mbele. Picha.
Picha. Picha. Picha.
Mtu alikuwa amekipiga picha chote, ukurasa kwa ukurasa,
akaniandalia karamu nyuma ya kioo.

Mara ya pili kilikuwa na kufuli.
Nilitakiwa kutazama herufi zilizopindapinda, niziandike,
ili kuthibitisha kwamba mimi ni binadamu.
Nilikaa kimya kidogo.
Tsira alikuwa shuleni.
Binadamu nikasubiri hadi saa tisa.

Basi nikaiandikia maktaba ya wasioona, Tbilisi.
Tutaona, wakajibu,
nami nilicheka peke yangu jikoni.
Wakanyamaza vuli nzima. Theluji ikaja, ikaondoka.
Halafu Aprili: kitabu tayari,
kimechapwa upya na kusahihishwa na Lamara, Rustavi.

Kikaanza kushuka.
Asilimia kumi, arobaini, tisini na saba,
tisini na saba,
nikachemsha chai, nikainywa yote, tisini na saba,
kisha mlio mdogo, kama tone ndooni.

Huyu Lamara simjui. Sijui umri wake
wala alikuwa akichapa usiku au mchana.
Lakini hakuniachia hata picha moja iliyo bubu.
Mchoro, anaandika: sega, seli nyingi ndogo,
moja kubwa inaning'inia pembeni kama njugu.
Vidole vyangu vikaitambua mara moja.
Ile sauti isiyomeza mate ilisoma hadi alfajiri,
ikakosea majina ya miti,
ikasoma utitiri kana kwamba ni jina la mtu,
nami sikuizima.

Ukurasa wa themanini na nane:
Jioni, kabla kundi la pili halijahama,
tega sikio ubavuni mwa mzinga; utasikia
na hapo Lamara akaingia mwenyewe:
*Pana doa la mvinyo. Maneno matatu hayasomeki. Samahani.*

Nikarudi nyuma. Nikasikiliza tena.
Utasikia. Doa. Samahani.

Mei, mikakasia ilipochanua, nilitoka bila fimbo.
Mlangoni hadi mzinga wa nne ni hatua kumi na tisa,
ishirini kama nyasi zimelowa.
Nikapiga magoti, sikio kwenye ubao,
ubao ulikuwa na joto kama shavu la mtoto mwenye homa.
Ngurumo yao ya kawaida. Ngurumo. Nikangoja.
Goti likaanza kulalamika.
Ndipo mmoja akaita, sauti nyembamba, ndefu,
na mwingine, bado amefungiwa kwenye seli yake,
akamrudishia: kwa, kwa, kwa,
kama bata aliyezikwa hai na bado ana hasira.

Usiku uleule nikamwandikia Lamara.
*Malkia wawili wakijibizana.*
Hayo ndiyo matatu yako, nikasema, yaweke.
Na kama mwandishi aliandika mengine,
basi alikosea yeye.