Kukopa

Tukuyu, darasa la pili,
ukungu umeingia hadi ubaoni.
Arobaini na mbili, toa kumi na saba.
"Mbili haitoi saba," akasema Mwalimu Syabumi.
"Kopa kumi kwa jirani."

Lugano akanyosha kidole:
"Atalipa lini?"

Tukacheka.
Jumlisha tuliijua: mvua juu ya mvua.
Gawanya: chungu kimoja, vijiko saba.
Baki ni ukoko, wa bibi.
Ila kukopa…
mama yake alikopa debe la viazi
tangu masika,
na sasa kisimani hupitia njia ya nyuma.

Mwalimu aligeuza chaki mkononi.
"Hapa ubaoni," akasema taratibu, "hailipwi."

Lugano akaandika ishirini na tano,
akapata vema.
Juu ya ile nne, kwa penseli hafifu:
*huyu bado anadai.*