Kuiva

Kijana wa benki pale Newala kaniambia:
hatifungani hii, bibi, itaiva baada ya miaka ishirini.
Nikacheka. Hata mkorosho haunikawizi hivyo.
Riba nitapata mara mbili kwa mwaka,
ubwiri ule maua, usile,
mnada uchangamke, udode.

Nikiugua kabla?

"Utaiuza sokoni. Ila riba mpya zikipanda,
hii yako itashuka bei."
Hapo nikaelewa: nani atanunua korosho za msimu uliopita
kwa bei ya za leo?

Nina miaka sitini na tisa.
Penye jina la mrithi nikaandika Somoe,
mjukuu, meno manne.
Sasa serikali inadaiwa
na mtu asiyejua kuhesabu.