Deni la Ukuta

Friza aloniachia marehemu lilikunywa umeme
kama yeye, sukari ilipompanda, alivyokunywa maji.
Wete, duka la samaki wa barafu:
tokeni nanunua asubuhi, laasiri mita inalia.

Kijana wa Baraza la Mji akaja na fomu.
Friza jipya, bati jeupe, balbu zisizotoa joto;
ulipe kidogokidogo, pamoja na kodi ya jengo.
"Na nikifa, Faki?"
"Deni halikufuati, Bi Shinuna.
Linabaki ukutani."

Nikacheka.
Miaka thelathini madeni nabeba kichwani,
leo ukuta wajitolea kunitua.

Usiku wa jana mita haikulia.
Nilikesha nikiisubiri,
kama mtu aliyezoea kikohozi cha mumewe.