Bismini

Alfajiri, kabla Samora haijajaa honi,
napanda ngazi ya manispaa
na ndoo, na brashi, na sabuni ya unga,
nimsugue askari mabegani.
Kunguru hawajui cheo.

Bibi yangu Mwanahawa hakuwahi kumwita askari.
Aliuliza, "Umeshamwosha Bismini?"
Hilo jina ni la aliyetangulia,
Mjerumani wa shaba, alisimama papa hapa
mpaka Waingereza walipoingia mjini wakamshusha.
Akaja huyu, mweusi, bunduki imeelekea bandarini,
na watu hawakujisumbua kubadili jina.
Mji huu ndivyo ulivyo:
utapanga chumba, utalipa kodi,
na mlango utaitwa kwa mpangaji aliyehama.

Chini pana maandishi: Kiingereza,
Kiswahili, na Kiswahili cha hati za Kiarabu.
Nayajua kwa vidole kuliko kwa macho;
herufi zenye matumbo ndizo zinazokula uchafu.
Wapagazi wamo. Wametajwa kwa jumla,
kama unavyosema magunia.

Ila mimi mmoja wao namjua.
Mwinyigoha bin Pazi, wa Maneromango.
Alikuwa juu ya mnazi, wakamngoja chini.
Hawakupiga kelele. Mnazi una njia moja ya kushukia.
Wakamfunga kamba moja na shemeji yake,
wakamtwisha sanduku la risasi
za watu wasiomjua, kwenda kwa watu wasiomjua,
njia ya Rufiji.
Vita havikumuua. Alikufa kwa tumbo,
kwa unga waliogawiwa bila sufuria.
Aliyerudi ni shemeji, na kibuyu.
Kaburi hatuna. Kibuyu tunacho, kina ufa.

Jumanne nikafanya ujinga.
Nikachovya kidole kwenye povu
nikaandika juu ya jiwe
MWINYIGOHA.
Lilienea, ila A ya mwisho ilibidi ikunje kona.
Mlinzi wa benki akaniita, "Dada, unachora nini?"
Nasugua, nikamwambia.
Jua la saa moja likalisoma
herufi moja moja,
na kila lililoisoma likaifuta.

Jioni nikapitia Kariakoo kununua vitunguu.
Hapa ndipo ilipokuwa kambi yao;
jina la kikosi, Kiingereza kigumu,
tulilitafuna mpaka likawa soko.
Kijana anakuja, shingo imezama chini ya gunia,
haoni sura ya mtu, anaona miguu tu.
"Pisha mzigo! Mama, pisha mzigo!"

Nikapisha.
Nikabana pochi kifuani, nikasimama wima
ukutani, visigino pamoja,
hata alipokwisha kupita, hata alipopotea
nyuma ya maduka ya vitenge.
Muuza ndimu akainama kunitafutia.
"Umeangusha nini, dada?"