Kiinua Mgongo

Pesa imeingia Jumanne, saa za mchana.
Miaka thelathini na minne ya kuzalisha wanawake
imeingia kwa mlio mmoja wa simu.
Wanaiita kiinua mgongo.
Haya, nikasema, tuone kama kinainua kweli.

Maana mgongo wangu umekunjwa na vitanda vya wodi ya wazazi,
na mikorosho, kuokota mwezi wa kumi,
na jiko la chini, mafiga matatu,
sufuria imenikalia magotini
kama mtoto asiyetaka kulala.

Nikaenda kwa Chilumba, muuza mawe,
niliyempokea mwenyewe, akitanguliza miguu.
Amesimamisha vibao ukutani kama watoto wa gwaride.
"Sista, chagua."
Na nyuma yake, juu ya bati la duka,
milima ya Masasi imekaa, mawe matupu,
kama inasubiri kuulizwa bei.

Marumaru nyeupe, anasema, ndiyo wanayoweka Dar.
Nikaipapasa. Baridi, laini, haina neno.
Nikatoa mkobani nilivyokuja navyo:
nusu ndimu, manjano kwenye karatasi,
na ganda bichi la korosho.
Chilumba akacheka. Hakucheka muda mrefu.
Ndimu ilikula mng'ao tukiwa bado kwenye habari za nyumbani,
manjano ikaingia, ikakataa kutoka,
na utomvu wa ganda (unaujua utomvu wetu,
unaobabua vidole vya msichana mpaka siku ya harusi yake)
ukaacha duara jeusi.
Nzuri, nikamwambia, ila ina moyo mwepesi.
Jikoni kwangu wanapita watu wazito.

Ya pili nyeusi, imesuguliwa mpaka ikawa kioo.
Nikajiona: kidevu, miwani, mvi.
Sitaki jiko linalonitazama nikionja mchuzi.

Ya tatu ya kiwandani,
mawe yaliyosagwa yakagandishwa kwa gundi.
Haina doa, haina kasoro, haina kwao.
"Sufuria ya moto je?"
"Tanguliza kitambaa, Sista."
Nimetanguliza vitambaa maisha yangu yote.

Kasiani alikuwa na hoja moja, ya bafuni:
pasiteleze.
Goti lake la kushoto lilistaafu kabla yake.
Anataka mahali pa kuegemea akinyoa ndevu,
ukingo mnene, uliopigwa mviringo,
usiomchana mtu akiamka usiku bila taa.
Hilo tulikubaliana bila kikao.

Halafu nyuma ya mashine, chini ya turubai, nikaliona.
La kijivu, chembe za waridi ndani yake,
uso umepitishwa moto ukabaki na vipele vidogo.
Nikaweka kiganja.
Ni ule mwamba wa nyuma ya kwetu
ambako mama alianika makopa
nasi tukiyalinda na mbuzi,
makalio yakiungua, tukihama na kivuli.

"Hilo ni la hapa hapa," Chilumba akasema, kama anaomba radhi.
"Litashika uchafu. Na kila mwaka ulipake dawa."
Brashi ninayo. Na mimi pia kila mwaka napakwa dawa.
Lipime.

Kijana wake, Hokororo, akavuta futi kamba.
"Kimo?"
Nikasimama wima, wima kabisa, nikakunja kiwiko.
Hapa. Shusha kiganja kimoja. Usifuate cha kitabu.
Bafuni pandisha kidogo, mzee ni mrefu,
ingawa siku hizi hakubali kupimwa.

Na lile duara utakalokata kwa ajili ya sinki,
usiondoke nalo, nimelilipia.
Liweke uani, chini, karibu na mlango,
pale ninapobangulia korosho.
Siku nikitamani kuinama,
niiname kwa kupenda.