Maji ya Gogo

Mwezi wa nne Mto Karanga ulishuka na hasira,
ukatapika mabua, kandambili za mguu mmoja,
na gogo hili: jeusi, limepinda
kama mtu anayetafuta funguo sakafuni.
Nililibeba begani hadi Pasua.
Watoto wa shule wakauliza, mwalimu, ni kuni?
Nikasema, ni kitanda cha samaki.

Tangi nililipata mnadani, hoteli moja ilipofunga milango.
Samaki saba, mikia yao pindo za khanga.
Jioni nikalitia gogo katikati,
nikalala na furaha ya kijinga.

Asubuhi, chai ya rangi.
Sina neno lingine. Chai ya rangi,
na samaki saba ndani yake
kama majani ya mchaichai yaliyoota macho.
Aikande, mwanangu wa miaka sita,
akauliza kama tuwape mandazi.

Basi nikaingia vitani.
Nikamwaga ndoo mbili, nikajaza ndoo mbili.
Nikaazima kwa Mama Ndekirwa sufuria kubwa la mbege,
nikalichemsha gogo toka adhuhuri mpaka wakaadhini magharibi;
povu la kahawia likapanda, likazima jiko.
Mama Ndekirwa akachungulia: supu hiyo inataka ndizi.
Jumamosi nikachemsha tena.
Nikasugua kwa brashi ya nguo,
nikatia makaa kwenye soksi mpya, nikaining'iniza pembeni.
Maji yakang'aa siku tatu.
Siku ya nne, chai.
Nyepesi, lakini chai.

Ndipo nikaikumbuka mikono ya baba.

Miaka kumi na tisa kiwanda cha ngozi,
akizamisha ngozi mapipani, kwenye magome ya miwati,
hata mikono ikashika rangi hii hii, mpaka viwikoni,
kama glavu zisizovulika.
Mama aliisugua kwa limau, kwa majivu, kwa mafuta ya taa.
Kanisani baba alikipokea kikombe amekunja vidole.
Kiwanda kilipofungwa tukadhani rangi nayo itastaafu.
Iliondoka, ndiyo, polepole, kwa kugawanywa:
kidogo kwenye shuka,
kidogo kwenye kurasa za kitabu cha nyimbo,
kidogo, naapa, kwenye shavu langu.
Siku tulipomwosha mara ya mwisho
ilikuwa bado imejibanza chini ya kucha.
Shangazi akaomba kijiti aitoe.
Mama akasema, iache.
Hiyo ni ada yao ya shule.

Gogo hili lilikuwa mti gani, sijui.
Nimeuliza watu watatu, nimepata majibu manne.
Sasa namwaga ndoo moja tu, kila Ijumaa,
kwenye shina la mparachichi, nao haujalalamika.
Samaki wamezaa. Vitoto kama nukta
vimejificha kwenye kwapa la gogo,
na mikia ya wakubwa imekoza, wekundu wake
sikuujua maji yalipokuwa meupe.

Mume wangu anasema, bado machafu hayo.
Si machafu, namwambia, yana rangi.
Anainama, anagonga kioo kwa ukucha,
anabaki hapo mpaka taarifa ya habari inakwisha.

Kilichobaki ni sufuria la watu.
Ndani limeshika duara la kahawia,
nami naona haya kulirudisha.
Nimelisugua kwa limau, kwa majivu.
Mafuta ya taa sijathubutu.