Daftari la Bauma

Nilitoka Goma na daftari la kaka yangu
ndani ya soksi, soksi ndani ya sufuria,
maana Masisi mvua haibishi hodi.
Miaka kumi na moja Bauma alibeba fromaji,
kibanda hadi kibanda, Mokoto hadi soko la Birere,
na kila alipolala aliacha deni.
Mwandiko wake umeinama mbele
kama mtu anayepanda mlima.

Sake. Chukudu zinashuka na makala,
zinalia mbao kavu; mimi napanda.
Lava nyeusi ikaniaga hapo. Zikaanza nyasi,
nyasi tele, na ng'ombe wakanitazama
kama makarani wa ofisi niliyochelewa kufika.

Kibanda cha kwanza: Kahindo, jivu hadi viwikoni.
Daftari linasema, "Chumvi, vikombe viwili."
Nikapima. Akarudisha kimoja.
"Hiki alishalipa," akasema, "kwa kunichekesha."
Nililala ubavuni mwa moto, miguu nje,
kibanda kilikuwa kifupi kuliko mimi.

Siku ya pili usiniulize.
Ukungu uliingia bondeni ukalikunja
kona kwa kona, kama kitenge cha kuweka sandukuni,
nikabaki na hatua moja mbele
na ile ya nyuma nisiyoiamini.
Nilianguka matopeni mara nne.
Mara ya tano nilikaa hukohuko, nikala ndizi ya kuchoma.

Sebishimbo, fundi wa fromaji.
Magurudumu ya manjano yamepangwa mbaoni, yanatoka jasho;
anayageuza usiku kucha kama watoto wenye homa.
Daftari: "Koti." Basi. Koti.
"Koti gani?" nikauliza. Akavua alilovaa.
"Hili ni lake. Mdaiwa ni mimi.
Lakini asubuhi huku kuna baridi, dada."
Tulitazamana.
Nikamwachia,
nikajuta kutwa nzima, kila upepo ulipopita Kilolirwe.

Cha tatu hakikuwepo.
Nguzo mbili, sufuria iliyotoboka,
mchicha umeota palipokuwa kitanda.
"Mama Nyota, mayai sita."
Nilisimama na mayai yangu sita
niliyoyabeba toka Sake kwenye majani ya mgomba
bila kuvunja hata moja, na nilikuwa nimejiandaa kujisifu.
Kijana mchunga mbuzi akapita. "Walienda," akasema,
akanyoosha kidole upande huu, kisha upande ule.
Nikampa mayai. Akayapokea kwa kofia.

Siku ya nne, mgongo wa kilima cha mwisho,
na huko chini Mokoto:
maziwa manne, kila moja limempa mwenzake bega
kama ndugu waliogombana wakakataa kuhama.
Magoti yangu yaliona maji kabla ya macho.

Ukurasa wa mwisho: "Ziwa. Nitalipa nikirudi."
Ziwa linadai nini?
Ndoole, mwenye mtumbwi, akaegemea kasia akacheka.
"Yule? Bidoni. Lita tano, kila safari.
Alisema mama yake anataka maji
yasiyo na harufu ya volkano."

Bidoni ya njano. Jikoni kwetu, Himbi, juu ya kabati,
tuliyokatazwa kuigusa.
Mama akinywa kikombe kimoja jioni, macho kafumba.
Tulidhani ni dawa. Tulidhani inanunuliwa.
Siku nne, mgongoni, juu ya fromaji.
Tangu tumzike Bauma imekauka,
na Mama hajaitaja, hata mara moja.

Nilikuwa na pesa. Ziwa halina kiganja.
Ndoole akaniazima bidoni yake ya petroli ya zamani,
tukaisugua kwa mchanga hadi ikasahau.
Nikaizamisha; ikabubujika, ikanyamaza.
Kisha kalamu. Chini ya maneno yake yaliyoinama
nikayapanga yangu, wima, ya mtu aliyefika:
"Lita tano. Bidoni ya Ndoole. Nitalipa nikirudi."

Akauliza kama naijua njia ya kurudi.
Nikamwambia najua ninakodaiwa.